Glikosomu au apikoplasti? Ulinganisho kwa anayetaka kutafiti jinsi vimeng'enya vinavyoingia kwenye oganeli

Wengi wanaoanza utafiti wa vimelea huchagua ugonjwa kwanza. Malaria huvutia kwa wingi wa makala na maabara zake. Malale huvutia kwa sababu msimamizi tayari anakuza Trypanosoma kwenye chupa zake. Swali lenyewe hufuata nyuma, na hapo ndipo mtu anagundua kwamba alichotaka kujua, yaani kimeng'enya kinatengenezwa wapi na kinaingiaje kwenye oganeli yake, kinajibika upesi kwa kimelea kimoja na kwa jasho kwa kingine. Ushauri wangu ni kuanza na mlango. Tazama kimeng'enya kinavuka utando kikiwa katika hali gani, halafu uamue utakaa na kimelea kipi kwa miaka yote ya shahada.

Hapa nalinganisha hasa oganeli mbili: glikosomu ya Trypanosoma brucei (jamii ya vimelea vya malale), na apikoplasti ya Plasmodium falciparum (kimelea cha malaria) pamoja na ndugu yake Toxoplasma gondii. Hidrojenosomu na mitosomu, jamaa za mitokondria, nitazigusa baadaye, maana wapo watu wanaofaidika nazo zaidi.

## Mahali zinapofanana

Pande zote mbili jeni za vimeng'enya ziko kwenye kiini, na ribosomu zinazovitengeneza ziko nje ya oganeli. Glikosomu haina DNA hata kidogo. Apikoplasti inayo, duara dogo la takriban jozi 35,000 za besi, lakini jeni zilizomo karibu zote ni za kujihudumia: RNA za ribosomu, tRNA, protini za ribosomu na polimerasi ya RNA. Vimeng'enya vinavyofanya kazi kubwa humo ndani vinatoka nje, protini mamia kadhaa.

Tofauti moja ya mapema inafaa kukumbukwa. Trypanosoma hunukuu jeni nyingi kwa mfululizo mmoja mrefu, kisha kila mRNA inakatwa na kupachikwa kipande kilekile cha nyukleotidi 39 mwanzoni mwake. Kwa hiyo kiasi cha kila kimeng'enya hakipangwi na promota yake (kipande cha DNA kinachowasha jeni). Hupangwa baada ya unukuzi, hasa na sehemu ya mwisho wa mRNA inayoamua itadumu muda gani na itasomwa mara ngapi. Ukizoea hamira au bakteria, jambo hili litakushangaza kwa miezi ya mwanzo.

| | Glikosomu | Apikoplasti |
|---|---|---|
| Tando | 1 | 4 |
| DNA yake | Hakuna | Duara la takriban 35 kb |
| Asili | Jamii ya peroksisomu | Mwani mwekundu uliomezwa |
| Ishara ya kuingia | Mara nyingi asidi amino 3 za mwisho | Kiongozi cha sehemu mbili mwanzoni |
| Uvukaji | Baada ya kutengenezwa, kikiwa kimekunjwa | Huanza wakati bado kinatengenezwa |
| Ishara baada ya kufika | Kwa ya mkiani, hubaki | Hukatwa |

Safu mbili za mwisho ndizo zinazoamua majaribio utakayoweza kufanya. Nyingine ni maelezo ya kitabuni.

## Glikosomu: kimeng'enya kinafika kikiwa kamili

Fred Opperdoes na Piet Borst waliripoti mwaka 1977 kwamba vimeng'enya saba vya mwanzo vya glikolisisi (uvunjaji wa glukosi) katika Trypanosoma brucei havielei kwenye saitosoli (majimaji ya seli nje ya oganeli) kama ilivyo kwa viumbe wengine, bali vimefungiwa ndani ya vifuko vyenye utando mmoja. Wakaviita glikosomu. Baadaye ilidhihirika kwamba vifuko hivyo ni jamii ya peroksisomu, na mitambo ya kuingizia protini ni ileile ya protini za jamii ya PEX.

Utaratibu wake ni mfupi. Ribosomu iliyo huru kwenye saitosoli inamaliza mnyororo mzima, mnyororo unajikunja, na mara nyingi kimeng'enya kinakuwa tayari na umbo lake la kazi kabla hakijaugusa utando. Kwenye mkia wake kuna asidi amino tatu, serini-lisini-lusini au mchanganyiko unaofanana nazo, na kipokezi PEX5 kinazishika. Baadhi ya vimeng'enya, heksokinasi na aldolasi miongoni mwao, vina ishara ya aina ya pili karibu na mwanzo wa mnyororo, na hiyo hushikwa na PEX7. Kipokezi kikiwa na mzigo wake kinatia nanga kwa PEX14 na PEX13 kwenye utando, mzigo unaingia, kipokezi kinarudishwa nje kutumika tena. Triosifosfati isomerasi haina ishara yoyote kati ya hizo mbili na bado inaingia, jambo ambalo kwa maoni yangu ni mada nzuri ya tasnifu.

Ushahidi kwamba mzigo huingia ukiwa umekunjwa unapendeza kwa wepesi wake. Mwaka 1986 Eilers na Schatz walionyesha kwa mitokondria ya hamira kwamba ukiunganisha kimeng'enya cha DHFR na ishara ya mitokondria, kisha ukakifunga umbo lake kwa dawa inayokibana, kinakwama mlangoni. Mitokondria hudai mnyororo ulionyooka. Miaka kumi baadaye jaribio la namna hiyo likafanywa kwenye Trypanosoma kwa DHFR yenye ishara ya glikosomu na dawa ya aminopterini. Protini iliingia glikosomu kama kawaida. Mlango wa glikosomu haujali umbo.

Sasa tazama kimeng'enya kimoja kwa karibu: fosfogliserati kinasi, PGK kwa ufupi. Trypanosoma brucei ina jeni zake kadhaa zilizopangana kwenye kromosomu moja. Umbo la PGK linalotumika kimelea kikiwa kwenye damu lina kipande cha ziada cha asidi amino 20 mkiani, kinachoishia na serini-serini-lusini, na hicho ndicho kinachokipeleka glikosomu. Kimelea kikihamia ndani ya mbung'o, kinapunguza umbo hilo na kuongeza jingine lisilo na mkia huo, linalobaki saitosoli. Ni kazi ileile kwa anwani mbili, na swichi yenyewe iko kwenye mRNA. Mwaka 1998 watafiti waliwalazimisha vimelea wa hatua ya damu kutengeneza PGK ya saitosoli, na vimelea wakashindwa kukua. Kimeng'enya hakikuwa na kasoro yoyote isipokuwa mahali kilipokuwa.

Kwa nini mahali pawe suala la kufa na kupona? Heksokinasi ya binadamu hupunguza kasi pale bidhaa yake inapojaa. Heksokinasi ya Trypanosoma haina kizuizi hicho. Ndani ya glikosomu hesabu ya ATP, sarafu ya nishati ya seli, ni sifuri: zinatumika mbili mwanzoni, PGK inarudisha mbili, na faida hupatikana nje, kwa pairuveti kinasi ya saitosoli. Heksokinasi haiwezi kwenda kasi kuliko ATP inayorudishwa mle ndani. Ukivimwaga vimeng'enya hivyo kwenye saitosoli, heksokinasi inapata ATP yote ya seli, na sukari zenye fosfati zinarundikana kuliko hatua za mbele zinavyoweza kuzipokea: gari lenye kanyagio la mafuta lisilo na breki. Barbara Bakker na wenzake waliitabiri hali hiyo kwa modeli ya kompyuta mwaka 2000. Mwaka 2002 ikaonekana kwenye chupa: vimelea wa hatua ya mbung'o waliopunguziwa PEX14 waliuawa na glukosi, chakula chenyewe, na waliponyimwa glukosi walisalimika.

## Apikoplasti: safari inaanza kabla mnyororo haujaisha

Hadithi ya apikoplasti ni ya mwani. Kiumbe wa kale alimeza mwani mwekundu ambao wenyewe ulikuwa umebeba kloroplasti, na mabaki ya kloroplasti hiyo, isiyo na uwezo tena wa kutumia mwanga, ndiyo apikoplasti ya leo. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo DNA yake ilipowekwa mahali pake na oganeli ikatambulika kuwa ya asili hiyo. Umezaji juu ya umezaji uliacha tando nne, na kila utando ni mlango wa kuvukwa.

Kimeng'enya kinachokwenda huko kina kiongozi cha sehemu mbili mwanzoni mwa mnyororo. Sehemu ya kwanza ni ishara ya kawaida ya kuingia retikulamu ya endoplazimu, hivyo ribosomu inafunga kwenye retikulamu na mnyororo unasukumwa ndani huku ukiendelea kutengenezwa. Ishara hiyo ikikatwa, ya pili inajitokeza: kipande chenye chaji chanya ambacho kwa Plasmodium kimejaa lisini na asparajini. Hapo mzigo unaelekezwa kwenye utando wa nje wa apikoplasti. Kama njiani unapita Golgi au unaikwepa, makala zinapingana, na ukichagua upande huu usishangae mtahini akikuuliza.

Utando wa pili kutoka nje unavukwa kwa mitambo ya kushangaza. Mwani uliomezwa ulikuwa na vifaa vya kutoa protini mbovu kwenye retikulamu yake ili zikaharibiwe, na nakala ya vifaa hivyo, protini za aina ya Der1 na Cdc48 zikiwemo, imegeuzwa kazi: sasa inaingiza protini nzima badala ya kutoa mbovu. Inaitwa SELMA. Tando mbili za ndani zinavukwa kwa mabaki ya mitambo ya kloroplasti, TOC75 na kisha TIC20. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwa Toxoplasma kwamba ukizima TIC20 uingizaji unasimama na kimelea kinakufa. Mwisho wa safari kiongozi kinakatwa, na kimeng'enya kinajikunja.

Jaribio la msingi la apikoplasti linaonekana kwa macho kwenye darubini. Chukua kiongozi cha protini inayoitwa ACP, kiunganishe na GFP, protini inayong'aa kijani. Kiongozi kizima kinaipeleka GFP kwenye apikoplasti, nukta moja yenye mng'ao. Ukiacha sehemu ya kwanza tu, GFP inatupwa nje ya kimelea, kwenye nafasi inayokizunguka ndani ya seli nyekundu. Ukiacha ya pili tu, kwa Plasmodium inabaki saitosoli. Picha tatu, na mantiki yote ya sehemu mbili iko wazi. Baadaye, mwaka 2003, ilionyeshwa pia kwamba ukiondoa chaji chanya kwenye sehemu ya pili GFP inakosa njia. Kwa maoni yangu hakuna jaribio la glikosomu linaloshindana na hili kwa kumshawishi msikilizaji asiye wa fani.

## Mezani, maabara

Hapa ndipo uamuzi wa kweli hufanyika, na maandiko mengi hupapita haraka.

Kwa apikoplasti, ukataji wa kiongozi ni zawadi. Ukipima protini kwa jeli unaona bendi mbili: ndefu ambayo haijafika, fupi iliyofika. Uwiano wa bendi hizo ni kipimo cha uingizaji, bila kuvunja oganeli yoyote. Ukizuia mlango, bendi fupi inapungua na ndefu inarundikana.

Kwa glikosomu zawadi hiyo hamna, maana ishara ya mkiani haikatwi. Kimeng'enya kilicho nje na kilicho ndani vina urefu uleule. Inabidi utenganishe seli kwa digitonini: kiasi kidogo kinatoboa utando wa seli na kuziacha glikosomu zikiwa nzima, unazungusha kwenye sentrifuji, kisha unapima kilichobaki kwenye maji na kilichozama. Kazi si ngumu, lakini kiwango cha digitonini kinabadilika kutoka bechi hadi bechi, na ukikosea kidogo matokeo yako yatasema uingizaji umeshindwa kumbe glikosomu zimepasuka mikononi mwako. Weka daima protini moja ya saitosoli na moja ya glikosomu kama vidhibiti katika kila mzunguko.

Kukuza vimelea, upande wa Trypanosoma ni mwepesi mno. Hatua ya damu hukua kwenye chupa bila seli za mwenyeji na huongezeka maradufu kwa takriban saa 6. RNAi, mbinu ya kuzima jeni kwa kuharibu mRNA yake, inafanya kazi vizuri na inawashwa kwa tetrasaiklini, kwa hiyo kuzima jeni moja la PEX ni kazi ya wiki chache. Aina ya brucei brucei huuawa na damu ya binadamu kwa sababu ya protini iitwayo APOL1, hivyo ajali ya maabara haimtishi mtu sana.

Plasmodium falciparum anakuzwa ndani ya seli nyekundu za damu ya binadamu, kwa hewa yenye oksijeni kidogo, kwa njia iliyoanzishwa na Trager na Jensen mwaka 1976. Mzunguko mmoja ni takriban saa 48. Hana mitambo ya RNAi, kuingiza DNA kunafanikiwa kwa seli chache, na jenomu yake ina A na T zaidi ya asilimia 80 ya besi zote, hali inayofanya hata kunakili jeni moja kuwa mtihani wa subira. Ndiyo maana maabara nyingi hufanya kazi ya apikoplasti kwa Toxoplasma: anakua kwenye seli za ngozi, anapokea DNA kwa urahisi, na nukta yake ya kijani ni kubwa zaidi. Kikwazo ni kwamba Toxoplasma anaambukiza mtu, na mjamzito hapaswi kuigusa kazi hiyo.

Apikoplasti ina hila moja ambayo glikosomu haina. Mwaka 2011 Ellen Yeh na Joseph DeRisi waligundua kwamba Plasmodium wa hatua ya damu waliopewa kemikali moja tu, IPP (malighafi ya isoprenoidi ambayo apikoplasti huitengeneza), wanaweza kuishi bila apikoplasti yoyote. Maana yake unaweza kuvunja mlango kabisa, ukamweka kimelea hai kwa IPP, na ukachunguza protini zilizokosa pa kwenda. Kwa glikosomu ukivunja mlango una muda mfupi kabla seli haijafa, isipokuwa unatumia hatua ya mbung'o na kuinyima glukosi.

## Ukilenga dawa

Kama lengo lako ni dawa, ulinganisho unageuka. Dawa zinazogusa apikoplasti tayari zipo. Doksisaiklini na klindamaisini huzuia ribosomu za ndani yake, na fosmidomisini huzuia kimeng'enya cha njia ya isoprenoidi kilichoingizwa kutoka nje. Tatizo la hizo za ribosomu ni kwamba kimelea hafi mzunguko wa kwanza. Anajigawa, watoto wake wanavamia seli mpya, na hao ndio wanaokufa. Kwa mgonjwa mahututi hiyo ni kuchelewa, ndiyo sababu huunganishwa na dawa ya kasi. Angalia pia kwamba hakuna hata moja kati yake inayozuia mlango wenyewe.

Upande wa glikosomu mlango umeshambuliwa moja kwa moja. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha molekuli ndogo zilizobuniwa kutokana na umbo la PEX14, zinazoingia kwenye kishimo ambacho PEX5 hutia nanga. Vimeng'enya vilibaki nje, Trypanosoma wakafa, na panya walioambukizwa wakapungukiwa vimelea. Sisi binadamu pia tuna PEX14, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya kuchagua kati ya vishimo viwili vinavyofanana. Anayependa kemia ya maumbo, hapa ndipo penye kazi.

## Wanaofaa kwingine

Ukitaka kusoma mlango unaofanana na wa mitokondria bila vurugu za DNA ya oganeli, tazama hidrojenosomu ya Trichomonas vaginalis. Oganeli hii, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Lindmark na Müller kwa ndugu yake Tritrichomonas foetus, ina tando mbili, haina DNA, na ishara zake ni fupi ajabu: ya feredoksini ina asidi amino 8 tu. Baadhi ya vimeng'enya vyake huingia hata ishara hiyo ikiondolewa. Humo ndimo metronidazoli inapogeuzwa kuwa sumu. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2007, imejaa marudio, na inachosha.

Mitosomu za Giardia na Entamoeba ni za watu wenye subira ya pekee. Ni ndogo mno, protini zake ni chache, na vipande vingi vya mlango wa mitokondria havionekani humo. Sizipendekezi kwa shahada ya uzamili.

Njia ya tatu ambayo wachache huifikiria ni kubaki na Trypanosoma brucei na kulinganisha milango miwili ndani ya seli moja. Ana mitokondria moja tu, na utando wake wa nje una lango lisilo la kawaida, ATOM, lililoripotiwa mwaka 2011. Chukua DHFR moja, ipe ishara ya glikosomu kwenye nakala ya kwanza na ya mitokondria kwenye ya pili, kisha tumia aminopterini. Udhibiti wako wote umo kwenye chupa moja.

## Ningechagua ipi

Mwenye miaka miwili, bajeti ndogo na msimamizi mmoja: glikosomu, bila kusita. Mwenye miaka minne na darubini nzuri, anayevutiwa na jinsi mageuko yalivyogeuza mitambo ya kutoa protini kuwa ya kuingiza: apikoplasti, aanze na Toxoplasma kisha athibitishe kwa Plasmodium. Anayetaka dawa na anajua kemia arudi kwa PEX14.

Kabla ya kuandika pendekezo, uliza maabara maswali mawili. Wana antibodi iliyopimwa dhidi ya aldolasi, au dhidi ya ACP? Na nani kati yao aliwahi kutenganisha seli kwa digitonini mwaka huu? Majibu hayo yatakuonyesha utaanza majaribio mwezi wa pili au mwezi wa kumi.